Ufa wa Zamani Katika Gari Jipya

Je, wewe umewahi kuokota chuma kilichovunjika ukakitazama pale palipovunjikia, si kwa kupita tu, bali kama unavyotazama kidonda cha mtoto? Wengi hawatazami. Chuma kikikatika husema, basi, kimekwisha, kitupwe. Sajenti Amos Tranter wa polisi wa Birmingham alikuwa vivyo hivyo mpaka asubuhi ile, alipojikuta kituoni na kipande cha chuma juu ya kitambaa cha flaneli, chai yake ikipoa pembeni hadi ikafanya utando. Alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa tena.

Kipande chenyewe kilikuwa mkono wa usukani. Usidhani ni kitu cha kushikwa na dereva, la. Ni kile kifimbo cha chuma, kirefu kama kiganja na nusu, kinachokaa chini ya gari mahali ambapo hakuna anayetazama. Dereva akizungusha usukani huko juu, mkono ule ndio unaovuta magurudumu ya mbele kwenda kushoto au kulia. Ukikatika, usukani unabaki kuwa pambo.

Na ulikuwa umekatika. Gari jipya la kiwanda kimoja cha mjini lilikuwa likishuka mteremko wa kilima cha Lickey, likashindwa kukata kona, likapanda ukingo na kumbana Reuben Cutler, mpeleka barua, kwenye ukuta wa mawe. Cutler alikufa pale pale, mfuko wa barua ungali begani. Dereva, Ambrose Fellows, alitoka na jeraha la paji la uso, akapelekwa moja kwa moja mahabusu. Siku iliyofuata asubuhi ile ya kituoni, baraza la uchunguzi wa kifo lingekaa, na mji mzima, tangu muuza samaki hadi kasisi, ulikwisha kutoa hukumu: kijana alikuwa akienda mbio, akagonga ukuta, na ukuta ndio uliovunja chuma. Baraza likikubali hivyo, Fellows alikuwa mtu wa jela.

Tranter alipitisha kidole gumba juu ya mvunjiko, mara ya ngapi sijui. Upande mmoja ulikuwa na chembechembe zinazometa kama sukari ya bonge iliyopasuliwa. Hapo hapakuwa na neno. Ndivyo chuma kinavyokuwa kikikatika ghafla. Lakini upande wa pili ulikuwa laini, mweusimweusi, wenye mistari miembamba iliyopindana kama ile ya gamba la chaza.

Kitu hakiwi laini bila kusuguliwa. Na kusuguliwa kunataka muda.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. Karibu na kichwa cha ule mkono palikuwa na makovu mawili yanayong'aa, yamekaa sambamba, kama alama za meno ya mbwa aliyeng'ata bila kutaka kuachia. Na chini ya makovu, herufi P ndani ya duara, ndogo kama punje ya dengu, iliyogongwa kwa muhuri wa chuma. Tranter alikifunga kipande kwenye flaneli, akaiacha chai, akateremka mahabusu.

Ambrose Fellows alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mbao, bandeji kichwani. Mkate wake uliopakwa mafuta ya nyama ulikuwa haujaguswa.

"Ulikunywa, Fellows?"

"Nilikunywa tangawizi, afande. Muulize mwenye baa. Alinicheka mbele za watu, akaniuliza kama mama anajua nimetoka."

"Nimekwisha kumwuliza. Amesema hivyo hivyo, na kicheko juu."

"Sasa mbona unaniuliza mimi?"

"Nataka kusikia unavyojibu. Haya, kona ile ilikuwaje?"

"Nilizungusha usukani, ukazunguka. Ukazunguka tu, kama mwiko ndani ya chungu kitupu. Kabla ya ukuta, afande. Kabla! Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu."

"Gari lilitoka kiwandani lini?"

"Siku ile ile. Mimi ndiye niliyelitoa langoni, tairi zingali na chaki. Ndiyo kazi yangu. Gari halipelekwi kwa mwenyewe mpaka nilipandishe Lickey na kulishusha."

Tranter, aliyekuwa akipimapima chumba kwa hatua zake, alisimama. Gari la siku ile ile. Na chuma kilichosuguana hadi kikawa laini. Mambo hayo mawili hayakutaka kulala kitanda kimoja.

"Vipande vya usukani hupita mikononi mwa nani kabla ya kufungwa?"

Fellows alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mkaguzi. Mzee Josiah Pargeter. Baba mkwe wangu."

"Mnaelewana?"

"Tangu nimwoe Keziah hajanisemesha. Alitaka binti yake aolewe na fundi wa bunduki, kama ukoo wao wote. Mimi aliniita mchunga moshi. Harusini hakuja. Kiwandani nikimwamkia huitazama kofia yangu, kana kwamba ndiyo iliyosema."

"Basi anakuchukia."

"Mimi sikusema hivyo." Fellows aliusukuma ule mkate mbali. "Umesema wewe."

Kiwanda kilisikika kabla hakijaonekana. Nyuma ya uwanja wa makaa palikuwa na chumba kimoja cha matofali, na humo mlitoka mlio mmoja usiokoma, tak-tak, tak-tak, hata vioo vya madirisha vilikuwa vikitetemeka nao. Mhandisi wa majaribio, Bwana Lionel Ashcombe, kijana mwenye kola nyeupe iliyochafuka kwa grisi upande mmoja, alimpokea mlangoni.

"Karibu, Sajenti. Usiisogelee sana, inauma."

Mashine ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti nene. Mkanda wa ngozi ulishuka kutoka darini na kuzungusha gurudumu lililofungwa kombo makusudi. Kila lilipozunguka, lilisukuma na kuvuta kipande cha chuma kilichobanwa kwenye taya. Kipande hicho kilikuwa mkono wa usukani.

"Unakifanya nini?" aliuliza Tranter.

"Nakichosha." Ashcombe alilazimika kupaza sauti. "Barabara zetu ni mashimo matupu. Kila shimo huupiga mkono kidogo, huku na huku. Pigo moja si kitu. Ni kurudiarudia. Chuma nacho huchoka, Sajenti."

"Huchoka?"

"Kama polisi. Ila chenyewe hakiombi likizo."

Tranter hakucheka. Alifungua flaneli juu ya meza. Ashcombe alitupa jicho mara moja tu. "Ukuta," alisema.

"Tazama tena, bwana. Kwa kioo cha kukuzia."

Mhandisi alichukua kioo, akainama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umekitoa wapi hiki? Hiki ni cha gari kuukuu. Ufa ulianzia hapa pembeni, mdogo kama unywele, ukawa unakila chuma polepole. Pande zake mbili zikawa zinasuguana, ndiyo maana pamekuwa laini. Kilichobaki ndicho kilichokatika kwa mara moja, hapa penye chembechembe."

"Ni cha gari la Fellows."

"Haiwezekani. Lile lilitoka asubuhi ile."

"Haiwezekani, haiwezekani. Tangu jana nalisikia neno hilo, na chuma kipo mezani. Huenda mtu alikikata kwa tupa?"

"Hapana. Tupa huacha mikwaruzo iliyonyooka. Msumeno vilevile. Huu ni ufa uliojilia wenyewe."

"Na makovu haya mawili?"

Ashcombe aliinua mabega. "Koleo la fundi, labda."

Tranter hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja. Alizunguka chumba, akagusa hiki na kile, akafika mbele ya mashine, akainama kuzitazama zile taya zilivyoubana mkono. Alizitazama kwa kitambo.

"Izime."

"Sajenti, jaribio hili linakwenda tangu Jumatatu, nikilikatiza..."

"Izime, bwana."

Ashcombe alivuta wenzo, mkanda ukahamia gurudumu la pembeni, na ule mlio ukakatika. Tranter aliusubiri mkono ufunguliwe, akauweka mezani kando ya ule uliovunjika. Karibu na kichwa chake palikuwa na makovu mawili yanayong'aa, sambamba, umbali ule ule.

"Mkono wa gari la Fellows umepita humu," alisema Tranter.

Mhandisi alikaa juu ya kreti.

"Ile isiyovunjika huwa mnaifanyaje?"

"Jumamosi adhuhuri injini ya kiwanda huzimwa. Mkono ukiwa haujavunjika tunautoa. Umekwisha kazi yake, ni chakavu. Unatupwa kapuni."

"Kapu hulichukua nani?"

"Mzee Pargeter."

"Naye anajua kwamba ni chakavu?"

"Kila mtu anajua!"

"Ulimwambia?"

Ashcombe aliisogeza miwani puani. "Mtu haambiwi kwamba maji yanalowesha, Sajenti."

"Na alama hii? P ndani ya duara?"

"Si yetu. Sijapata kuiona." Akaifuta miwani yake kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. "Nikuambie jambo. Kesho wakili wa kiwanda atasimama barazani aseme makovu haya ni ya koleo. Nami nitakuwa nimekaa nyuma yake. Nina mke, nina watoto. Usiniite shahidi kama huna mtu mwingine wa kulisema hili."

"Kama sina mtu mwingine," alisema Tranter, "Fellows ndiye asiye na mtu."

Tranter alipanda tramu ya kwenda mtaa wa mafundi wa bunduki. Alikuwa na nafasi ya kukaa, akasimama. Mambo yalikuwa yamejipanga vizuri mno: mzee anayemchukia mkwewe, kapu la vyuma vilivyochoka, na gari ambalo lazima lishuke Lickey. Mtu asingehitaji tupa wala msumeno. Angeutoa mkono mzima, akafunga uliochoka, kisha akaenda zake nyumbani kunywa chai. Hilo lilikuwa jambo la kunyongewa mtu.

Ila ile P, herufi ya kwanza ya Pargeter, ilikuwa ikimkera, kama uzi wa nyama ulionasa kwenye jino. Mtu anayetia sumu chupani haandiki jina lake kwenye kizibo. Aliwaza hilo hata akapitiliza kituo chake, akalazimika kurudi kwa miguu, akijitukana.

Nyumba ya Pargeter ilikuwa ndani ya ua, mlango wa mwisho, karibu na chumba cha kufulia cha majirani wote. Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini alisimama mwanamke kijana mwenye shali ya kijivu, kaingia mguu mmoja, mwingine kauacha nje.

"Wewe ni Keziah Fellows?"

"Ndiye mimi, afande. Mwambie wewe, mimi nimesema mpaka nimekauka. Kesho aende barazani akasema Ambrose ni dereva mwangalifu. Neno moja tu! Yeye ni mkaguzi, watamsikia. Mtazame, amekaa kama gogo."

"Gogo halina la kusema," ilijibu sauti kutoka ndani.

Josiah Pargeter alikuwa mezani, kofia kichwani, mbele yake sahani ya matonge ya nyama na njegere iliyokwisha kuganda. Alikuwa mzee mfupi mwenye madoa ya buluu usoni, yale madoa ya baruti ambayo hayatoki hata kwa sabuni ya magadi. Juu ya meko palitundikwa mtutu mkuukuu wa bunduki, umepakwa mafuta, unang'aa kuliko kitu kingine chochote nyumbani.

Tranter aliisogeza sahani, akaweka kipande mezani. "Unaujua huu, mzee?"

Pargeter aliuchukua. Hakutazama mvunjiko. Aliugeuza akatafuta ile herufi. "Naujua. Alama ni yangu."

"Ulitoka kwenye mashine ya Bwana Ashcombe."

"Ndiyo."

"Ukafikaje kwenye gari la Fellows?"

"Kwa mikono yangu. Nilingoja mafundi waende kula, nikautoa uliokuwamo, nikaurudisha stoo. Nikaufunga huu."

Shali ilimdondoka Keziah. "Baba!" Aliingia ndani sasa kwa miguu yote miwili. "Ulitaka kumuua! Ulitaka kumuua mume wangu!"

Mzee alimtazama kama mtu aliyetemewa mate kanisani.

"Kumuua?"

Aliinuka, akaushusha ule mtutu, akaugeuza chini ya pua ya Tranter. Karibu na kitako chake palikuwa na herufi P, ndani ya duara.

"Nyumba ya kujaribia mitutu, afande. Nilikuwa humo kabla magari hayajazaliwa. Tunatia baruti maradufu, tunafunga mlango wa chuma, tunawasha. Mtutu mbovu unapasuka. Usiopasuka unapigwa alama hii, na mtu anampa mwanawe aende nao porini bila wasiwasi. Ndivyo tulivyolelewa mji huu. Kitu kikijaribiwa kikapona, hicho ndicho." Akauweka mtutu mezani. "Sasa wale vijana wakaleta mashine yao. Inaipiga mikono ya usukani wiki nzima. Ikawa inakatika, mmoja baada ya mwingine, kama biskuti. Ikaja Jumamosi, huu ukawa haujakatika. Nikasema, huyu ndiye dume. Nao wanautupa kapuni, na lile gari wameliwekea mkono ambao haujaonja hata pigo moja! Mkono usiojaribiwa! Ningekaa kimya ashuke nao Lickey?"

Tranter alivuta kiti. Siku ile nzima hakuwa ametulia kitini, sasa alikaa. Mzee huyu hakuficha chapa yake kwa sababu hakuona aibu nayo. Alikuwa ameichapa kama wanavyochapa kilicho bora.

"Mzee, mtutu hulipuliwa mara ngapi?"

"Kwa baruti maradufu? Mara moja."

"Ukipona umepona. Lakini huu ulipigwa wiki nzima, na kila pigo lilikuwa likiula. Haukukataa kukatika. Ulikuwa bado haujamaliza. Jumamosi ilifika kwanza."

"Maneno ya Ashcombe hayo."

"Basi yaache. Lete kidole."

Alikichukua kidole gumba cha mzee, akakiweka juu ya mvunjiko, upande ule wa chembechembe, kisha akakisogeza taratibu. Kidole kile kilikwisha kukagua mitutu isiyohesabika. Kilipofika penye ulaini kilisimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena. Jirani alikuwa akifua, maji yakimwagika uani.

"Ufa," alisema Pargeter mwishowe. "Wa zamani."

"Ulikuwamo ulipoufunga."

"Nami niliupiga alama." Alikaa chini polepole, kama anayetafuta kiti gizani. "Mimi ndiye niliyemuua yule mpeleka barua."

"Sikiliza, mzee, sitakudanganya," alisema Tranter. "Kiwanda kitasema makovu ni ya koleo. Ashcombe atanyamaza. Kesho usiposema wewe, mkweo atafungwa. Ukisema, watakuuliza habari za Cutler, na huenda ukakalia kile kitanda anachokalia yeye sasa. Siwezi kukuahidi vingine."

Mzee aliitazama ile sahani iliyoganda. "Mkewe Cutler yuko wapi?"

"Kwa dada yake, mtaa wa kanisa."

"Nitaanza kwake. Asilisikie hili barazani mbele za watu." Aliinuka, akachukua koti nyuma ya mlango. "Halafu kesho uje unichukue, afande. Baraza likifunguliwa nataka niwe nimekwisha kufika."

Keziah alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, shali chini ya miguu yake. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki hakikuwa na jina.

"Lakini kwa nini hukumwambia? Ungemwita tu, ukamwambia, Ambrose, nimekuwekea chuma kizuri. Angeruka kwa furaha, yule! Badala yake unatambaa chini ya gari lake kama mwizi. Mwaka mzima humsemeshi. Mimi mwenyewe nikija, nakaa mlangoni kama mdai. Ulitaka nini, baba?"

"Jua linakwenda," alisema mzee. "Nimpitie mama yule."

"Hutoki. Ulitaka nini?"

Pargeter alifunga kifungo cha koti kwenye tundu lisilo lake, akakifungua, akakifunga tena pale pale palipokosewa. Alimtazama Tranter, kama anayemwomba atoke nje, lakini Sajenti alikuwa amekaa na hakuinuka.

"Nilidhani atarudi kutoka Lickey akisema, ah, gari hili linashika barabara, sijaona gari kama hili. Nami niwe nimesimama karibu. Niseme, ule mkono nimeuweka mimi."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo tungekuwa tumesemeshana."

"Halafu, baba?"

Mzee alivua kofia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wageni waingie.

"Nilitaka mje kula Jumapili," alisema. "Wewe na yeye. Hicho tu ndicho nilichotaka."